Mti wa mtaa unataka kukatwa? Iwahini karatasi kabla ya msumeno wa moto

Mkungu wa barazani kwetu ulikatwa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, watu wengi bado wako kwenye chai. Siku naitaja makusudi mana Jumamosi ofisi zote zimefungwa, ukipiga simu hupokelewi, na waliokuja kuukata walilijua hilo kuliko sisi. Tulipiga kelele sana, bi mkubwa mmoja akenda kukaa kabisa shinani na leso yake, kijana wa msumeno wa moto akazima mashine kwa adabu zote, akatia mkono mfukoni akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Kibali. Sisi tulikuwa watu arubaini na hatuna hata karatasi moja. Kufika adhuhuri pamebaki kisiki na kungu mbichi zimetapakaa chini, watoto wanaokota.

Baada ya hapo mwembe wa uwanjani ukaja kutakiwa na mradi mwengine, na huo mpaka leo upo, sio kwa sababu tulipiga kelele zaidi bali tulianza mapema na tulikuwa na faili. Watu wa mitaa mingine wakawa wananipigia kuuliza tulifanyaje, nimechoka kueleza moja moja kwenye simu kwahiyo naandika hapa, chukueni mnachotaka.

Kwanza: mti wa nani, na umesimama kwenye ardhi ya nani

Hili usiliruke, mana kwetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Ardhi yote Zanzibar ni ya serikali kwa sheria, wewe una haki ya kuitumia tu, lakini mti kimila ni wa aliyeupanda au aliyeurithi, ndo mana unasikia kiwanja cha fulani ila minazi ya fulani mwengine kabisa. Alafu kuna maeneo yaliyotoka kwenye eka tatu tatu ambazo serikali iliwagaia watu baada ya Mapinduzi ya 1964, yakagaiwa tena, yakauzwa vipande vipande, na miti ikabaki na majina ya wazee. Kwahiyo kaa na wazee wawili watatu, uliza nani kaupanda, nani alikuwa anachuma, jee kuna mtu ana karatasi.

Mti ukiwa una mwenyewe, yeye ndo wa kwanza kuzungumza nae. Akitia saini hataki ukatwe kazi imepungua nusu. Akiwa keshauza, ujue mnaanza na mlima. Mti ukiwa kando ya barabara, kwenye kiwanja cha mpira au skuli, huo ni wa umma na mnaenda Baraza la Manispaa moja kwa moja. Ukiwa makaburini au kwenye kiwanja cha wakfu, kuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na watu huwasahau hawa wakati wakfu mtu hauchezei hivi hivi.

Pili: pima, na usikadirie kwa macho

Afisa akiambiwa "mti mkubwa sana" haandiki kitu. Akiambiwa mita 3.40 anaandika. Sisi tulianza na tepu ya fundi cherahani, ikaisha nusu ya shina, mana ile ni sentimita 150 tu. Tukachukua kamba ya kuanikia nguo, tukaizungusha kwenye shina kimo cha kifua hivi (mita moja na nusu kutoka chini), tukafunga fundo pale ilipokutana, alafu tukaitandaza kwenye sakafu ya msikiti tukaipima taratibu. Mita 3 na sentimita 40. Mzingo huo ukigawa kwa 3.14 unapata upana wa shina, kwetu ilikuwa kama mita 1.08.

Sasa hapa ndo pazuri. Wataalamu wa miti Uingereza wana kanuni kwamba kwenye ujenzi, eneo la mizizi la kulindwa ni mara 12 ya upana wa shina kutoka shinani kwenda kila upande, mwisho mita 15. Kwa hesabu ya haraka chukua mzingo uzidishe kwa 4 utakuwa karibu sana na jibu. Mwembe wetu ulitoka mita 13. Tukachukua chaki na kamba tukachora duara lile uwanjani siku ya Ijumaa baada ya sala na kila mtu akaliona kwa macho yake, mpaka wale waliokuwa wanasema "si wataacha nafasi kidogo" wakanyamaza, mana msingi uliokuwa umepigwa vigingi ulikuwa mita 4 tu kutoka shinani.

Picha piga nyingi. Mti mzima na nyumba ya jirani ionekane ili ukubwa uonekane, shina na kamba ikiwa imezungushwa, watu waliokaa kivulini mchana wa jua kali, na picha moja kutoka mbali upande ambao wapita njia wanauona. Kama kuna mtu ana picha ya zamani ya harusi au ya maulidi mti uko nyuma, hiyo ni dhahabu. Sisi tulipata moja ya rangi ya kahawia, bwana harusi kavaa suti na mwembe nyuma yake tayari mnene, ikawa ushahidi wa umri kuliko maneno ya wazee kumi.

Tatu: andika sababu ambazo ofisi inaweza kuzitumia

Kuna mzee wetu alitaka tuandike kwamba mti una wenyewe wasioonekana na atakaeukata atapata shida. Simbishii, lakini kwenye barua ya Manispaa haisaidii kitu, hayo mwambieni fundi wa msumeno kwa mdomo, huko yanafanya kazi vizuri zaidi.

Andika kivuli kinamfaa nani. Tulikaa siku mbili kuanzia saa sita mchana mpaka alasiri tukahesabu: wanafunzi wanaosubiri daladala, mama muuza urojo, mafundi baskeli, wazee wa bao. Namba zenu nyinyi wenyewe, sio za kutunga. Andika maji ya mvua yanakwenda wapi wakati wa masika, mana ardhi yenye mti inanyonya na ardhi ya saruji inakutupia maji nyumbani kwako. Na kama mtaa umepewa jina na mti, andika. Angalia mji huu: Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Miembeni, Mikunguni, Kikwajuni, Mkunazini, Michenzani. Ukimuuliza kijana wa leo akuoneshe huo mwembe au hiyo mikungu atakuonesha kituo cha daladala.

Na jibuni mapema yale yatakayosemwa dhidi yenu. Kwamba mti unaleta kunguru, kwamba majani yanaziba mtaro, kwamba tawi litaanguka kwenye bati la mtu kaskazi ikivuma. La mwisho ni la kweli wakati mwengine na msijifanye halipo. Mwembe wetu ulikuwa na tawi kavu linalotisha upande wa nyumba ya jirani, tukaomba lipogolewe sisi wenyewe kabla hajalalamika, na jirani yule akaja kutia saini.

Nne: barua, na kupitia kwa sheha

Msimruke sheha hata kama mnahisi yuko upande wa pili. Ukimruka, barua inarudishwa kwake na sasa kakasirika. Nendeni watu watatu, mmoja mzee, mmoja mama, mmoja kijana anaejua kuandika, mpigeni hodi kwa heshima, mueleze, muombe apitishe kwa mhuri. Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja tu. Yetu ilikuwa hivi, badilisheni:

*Mkurugenzi,*
*Baraza la Manispaa …*
*Kupitia kwa Sheha, Shehia ya …*

*YAH: OMBI LA KUZUIA KUKATWA MWEMBE ULIOPO UWANJA WA …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi wakaazi wa shehia hii ambao majina na saini zetu zimeambatanishwa, tunaomba Baraza lako lizuie kwa muda kukatwa, kupogolewa kupita kiasi au kuchimbwa mizizi ya mwembe mmoja wenye mzingo wa mita 3.40, mpaka suala hili lijadiliwe na wakaazi wasikilizwe.*

*Tunaomba pia kuoneshwa kibali chochote cha ujenzi au cha kukata mti kilichoombwa kwa eneo hili, na mti huu uingizwe kwenye orodha ya miti ya kuhifadhiwa ya Baraza.*

*Tumeambatanisha picha, vipimo, mchoro na majina ya wakaazi.*

Neno kubwa hapo ni "kwa muda". Mkurugenzi akiombwa aulinde mti milele ataogopa, atasema jambo hili linahitaji vikao. Akiombwa asimamishe mpaka kikao kikae, hapotezi kitu, na ni rahisi kwake kukubali kuliko kukataa.

Chapisha kopi tatu. Moja wanabaki nayo, moja ya sheha, moja yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikwambia "iache tu hapo" mwambie nasubiri mhuri, kaa kwenye benchi, soma Qur-ani kwenye simu, usiondoke. Kopi yenye mhuri ndo silaha yenu siku ya msumeno. Na ujue Baraza lako ni lipi, mana mji umegawika: kuna Manispaa ya Mjini, Magharibi A na Magharibi B, na watu wa Fuoni au Bububu hupeleka barua Mjini wakazungushwa wiki mbili bure. Kwa ndugu zetu wa Pemba ni Baraza la Mji la Chake, Wete au Mkoani.

Tano: nakala kwa wengine

Baraza peke yake halitoshi, mana kibali cha kujenga kinapita mikono mingi na mmoja akilala mwengine anaweza kuamka. Idara ya Misitu pale Maruhubi ndo ya kwanza, mana sheria ya misitu namba 10 ya 1996 ndo yenye mambo ya vibali vya kukata, na hawa wana mabwana misitu wa wilaya ambao wakija kuuona mti wanaandika ripoti yao. Idara ya Mipango Miji na Vijiji, kuuliza eneo limepangiwa nini kwenye ramani, mana mara nyengine utakuta pale pameandikwa eneo la wazi na hakuna aliekwambia. Mradi ukiwa mkubwa, hoteli, maghorofa, soko, pelekeni na ZEMA, hiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, muulize kama tathmini ya athari za mazingira imefanywa na wakaazi gani waliulizwa. Sheria yao ni namba 3 ya 2015.

Na mti ukiwa ndani ya Mji Mkongwe usihangaike sana kwengine, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza. Pale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kila tofali lina mlinzi, na uwanja au bustani ni sehemu ya mji kama ulivyo mlango wa nakshi.

Vyombo vya habari? Redio za hapa zinasaidia, lakini subirini barua ziwe zimeshapokelewa. Ukianza na redio, mkubwa anaona ametukanwa na hapo hata aliekuwa upande wenu anarudi nyuma.

Sita: sukumeni iwe amri, isibaki hisani

Hapa niseme kidogo ya Uingereza mana binamu yangu anaishi huko na alinishangaza. Kule halmashauri ina nguvu, kwa sheria ya mipango miji ya 1990, ya kutoa amri ya kuhifadhi mti. Mwananchi yeyote anaweza kuomba. Amri inaanza kufanya kazi siku ile ile kwa muda wa miezi sita, alafu ndo watu wanapewa siku 28 kupinga au kuunga mkono, na ndani ya hiyo miezi sita halmashauri inaithibitisha au inaiacha. Yani wanazuia kwanza, wanazungumza baadae. Ukiukata bila ruhusa ni kosa la jinai lenye faini, na unalazimika kupanda mwengine. Kwenye mitaa yao ya kihistoria hata mti usio na amri lazima utoe taarifa wiki sita kabla, shina likiwa na upana unaozidi sentimita 7.5 tu. Mkwaju mchanga huo!

Ila msidhani halmashauri ni malaika popote. Sheffield, halmashauri yenyewe kwa mkataba wa kutengeneza barabara ilikata miti zaidi ya 5,000, wazee wakakamatwa na polisi kwa kusimama chini ya miti, na ripoti ya uchunguzi ya 2023 ikaja kusema halmashauri ilikosea vibaya. Karibu na hapa, Nairobi, Novemba 2020 mugumo mmoja mkubwa (mti wa jamii ya mkuyu) wa barabara ya Waiyaki Way ulitakiwa kupisha barabara ya juu, watu wakasimama, na serikali ikatoa tamko rasmi la kuuhifadhi na barabara ikapinda. Mti mmoja, tamko lililoandikwa, na kontrakta akafuata.

Kwetu mlango ni diwani. Mabaraza yana uwezo wa kutunga sheria ndogo, na diwani wa wadi yenu anaweza kupeleka hoja kwenye kikao. Msimpe hotuba, mpeni karatasi moja yenye maneno ya hoja tayari: Baraza liweke orodha ya miti ya kuhifadhiwa, kila mti uwe na namba, ukataji wake upite kwenye kikao na tangazo libandikwe kwa sheha siku kadhaa kabla. Sisi diwani wetu aliisoma kama tulivyoiandika, na makosa yetu ya tahajia humo humo. Mti wetu sasa una namba kwenye faili. Sheria ndogo yenyewe bado tunaifuatilia, kila kikao tunapiga simu, pengine keshatuchoka.

Saba: zungumza na mwenye mradi

Wengine hawataki hata kusikia haya, wanaona ni kusalimu amri. Mimi naona mtu akisogeza nyumba yake mita tisa na mwembe ukabaki, ameshinda na sisi tumeshinda. Nenda na mchoro wenye lile duara. Muombe injinia wake awepo, mana mafundi wanaelewa haraka kuliko tajiri. Mueleze kwamba mizizi mingi ya mti haiendi chini kama watu wanavyodhani, iko juu juu ndani ya sentimita 60 za mwanzo, inatandaa kama mkeka, kwahiyo kuchimba mtaro karibu na shina ni kuukata mti kwa chini.

Akikubali, mambo haya yaandikwe na atie saini: mabati yazungushwe kwenye duara kabla lori la kwanza halijaingia, sio baada. Hakuna kifusi kumwagwa ndani, mana udongo ukiongezwa juu mizizi inakosa hewa na mti unakufa taratibu mwaka wa pili, wa tatu, wakati jengo limeshakwisha na hakuna wa kumuuliza. Hakuna kuchanganya zege hapo, hakuna kuegesha lori wala kupanga matofali. Bomba likilazimika kupita, wachimbe kwa mkono na jembe dogo na mizizi minene wapitishe chini yake.

Nane: siku wakija

Alfajiri au Jumamosi, ndo nyakati zao. Mgawane namba za simu mapema, mmoja anapiga picha, mmoja anampigia sheha, mmoja anampigia bwana misitu, na mmoja, mtulivu wenu, anakwenda kuomba kuona kibali. Hakuna kumgusa mtu wala chombo chake, yule kijana ni kibarua tu kama mwanao.

Alafu mkisome. Nasema mkisome! Angalia jina la eneo, aina ya mti, idadi, tarehe, mhuri, na kazi iliyoruhusiwa. Ule mkungu wetu, miezi miwili baada ya kukatwa kuna kijana alikuwa anafuta picha kwenye simu yake akaikuta ile ya kibali, alikipiga siku ile bila kukitizama. Tukaikuza. Kilikuwa kinasema "kupunguza matawi". Kukata shina hakumo. Watu arubaini tulisimama mbele ya karatasi ile na hakuna hata mmoja aliyeisoma.

Kibali kikiwa na kasoro, onesheni na kopi yenu yenye mhuri, ombeni kazi isimame mpaka Jumatatu ofisi zifunguliwe. Wakikataa piteni polisi mkaandikishe. Mahkamani kuomba zuio inawezekana pia, ila inataka mtu wa sheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wanatoa ushauri, nendeni mapema, msingoje siku ile ile.

Tisa: baada ya kushinda

Mti uliokingwa kwa karatasi unaweza kuuliwa usiku. Njia wanazijua: kuvua gamba shina zima kama pete, kumwaga chumvi au oili chafu mizizini, kuwasha moto wa taka ubavuni. Gamba likivuliwa kuzunguka shina lote mti umekwisha, hata ubaki wa kijani wiki kadhaa. Likivuliwa upande mmoja una nafasi. Majani yakinyauka tawi moja tu wakati mvua zipo, chimbua kidogo unuse udongo. Ikiwa oili, ondoeni udongo ule wote haraka mtie mwengine, chumvi mwagieni maji mengi siku nyingi, na pigeni picha muandike kwa Baraza siku hiyo hiyo mkitaja namba ya mti.

Kwetu kazi hiyo kaichukua yule mzee aliyetaka tuandike habari za wasioonekana. Kila akitoka alfajiri msikitini anapitia uwanjani, anauzunguka mwembe na tochi ya simu, anapapasa gamba mpaka chini kwenye udongo, alafu ndo anakwenda kununua mkate.